Mcheza Kwao na Nyuzi Nane za Gusii

Mvulana wa fidla alimaliza mapema. Aliiegemeza ala yake begani, akaibana kwa kidevu, akavuta upinde mara mbili tatu, akakaza kigingi kimoja, kisha akapiga kipande chake mwanzo hadi mwisho bila kumtazama mtu. Waamuzi wakaandika, walimu wakapiga makofi, akatoka.

Aliyemfuata alihitaji msaada hata wa kuingia ukumbini. Mwenzake alimshikia mlango huku yeye akipenyeza kinubi kilichokuwa karibu kumfika kifuani: mzinga wa mti uliochongwa na kuwambwa ngozi, miti miwili ikichomoza juu kama pembe za fahali, na mti wa tatu umelala kati yake kuzishika nyuzi nane. Alitafuta kigoda. Kigoda hakikuwepo, akaletewa kiti cha plastiki, kirefu mno. Akainama, akaanza kuzilinganisha sauti uzi mmoja mmoja, huku mvua ya alasiri ya Nyamira ikichapa mabati. Alipofika uzi wa sita, mwamuzi mmoja alitazama saa.

Zilikuwa tamasha za muziki za shule, miaka michache iliyopita, na ala yenyewe ilikuwa obokano. Nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na dirisha. Siku hiyo nilikuwa nimetoka Kisii mjini kwa matatu nikiwa na swali dogo la mwandishi wa Jumamosi: je, Gusii ina mwanamuziki wa kile Wazungu wanachokiita muziki wa kiwango cha juu, wa kusomewa miaka mingi, wa kusikilizwa watu wakiwa wametulia? Nilidhani nitamwandikia mpiga fidla. Nikarudi nikimfikiria yule wa kiti cha plastiki.

Ala ya wakubwa

Wagusii ni Wabantu waliozungukwa na majirani wa asili nyingine: Wajaluo upande wa ziwa, Wakipsigis na Wamaasai upande wa pili. Muziki haukuheshimu mipaka hiyo. Ukoo wa vinubi vya namna hii ni wa kale mno. Katika makaburi ya Ur, Iraki ya leo, vilifukuliwa vinubi vyenye umri wa miaka ipatayo 4,500. Ukiufuata mto Nile kuelekea chanzo chake utakutana na ndugu zake kila kituo: tambura ya Sudan, krar na begena za Ethiopia, endongo ya Uganda. Ukifika Ziwa Viktoria unakuta nyatiti ya Wajaluo na iritungu ya Wakuria. Panda sasa milima ya Gusii, penye chai na migomba, na hapo ndipo ukoo huo ulipomzaa kaka yao mkubwa.

Obokano ni kubwa kwa umbo na nzito kwa sauti. Nyatiti nayo ina nyuzi nane, lakini ukiziweka bega kwa bega utasikia tofauti upesi. Nyatiti inachangamka juu, obokano inatembea chini, pale ambapo katika bendi ya kizungu lingesimama lile fidla kubwa linalopigwa mtu akiwa wima. Sikio la Mswahili linasikia ndani ya jina lake neno kano, ule mshipa mgumu wa nyama usiokatika kwa jino.

Na sauti hiyo haitoki safi kama ya kengele. Inavuma. Kila uzi unapodonolewa hubaki na mngurumo nyuma yake, kama nyuki waliofungiwa mzingani. Mwalimu wa fidla angesema hapo kuna kasoro, angelikagua daraja la ala na kuushika uzi kuona kama umelegea. Kwa masikio ya Gusii, mvumo huo ndio sauti yenyewe. Uutoe, nawe umebaki na sanduku lenye kamba.

Haina vigingi. Juu, kwenye ule mti wa kulala, kila uzi umezungushiwa kitu cha kuushikilia usiteleze, na mpigaji akitaka sauti ipande hulikamata fundo hilo kwa kiganja na kulizungusha kidogo kidogo, sikio limeinamia ngozi. Akizidisha nusu ya kidole, uzi wa jirani nao unahitaji kurekebishwa. Baridi ya asubuhi inailegeza ngozi, jua la mchana linaikaza. Ndiyo maana wakati wa kulinganisha sauti hauwezi kupangwa kwa saa ya mwamuzi.

Wasomi waliiona mapema kidogo. Mwaka wa 1971 John Varnum aliichapishia obokano makala nzima katika jarida la *Ethnomusicology*, na George Senoga-Zake akaiweka katika kitabu chake *Folk Music of Kenya* cha mwaka wa 1986, miongoni mwa ala za taifa zima. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba obokano ilisahaulika kwa kukosa kuandikwa. Iliandikwa. Ugumu wake uko kwingine.

Maisha ya mpigaji

Tumweke mpiga fidla kando ya mpiga obokano tuone njia zao.

Mpiga fidla wa Nairobi ana ngazi zake. Mitihani ya ABRSM, taasisi iliyoanzishwa London mwaka wa 1889, ina ngazi nane, na mtoto anazipanda moja moja: vipande vilivyopangwa, kusoma nota asizowahi kuziona, kuimba alichosikia. Kwenye kila ngazi anapewa karatasi yenye jina lake. Akifika ya nane, mlango wa chuo cha muziki hauko mbali. Kenya Conservatoire of Music ipo tangu 1944. Korogocho, tangu 2008, mradi wa Ghetto Classics ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge umewatia fidla mikononi watoto ambao nyumbani kwao hata meza ya kuiwekea haikuwepo. Ni kazi ya kupigiwa saluti.

Mpiga obokano naye alikuwa na nyuzi nane badala ya ngazi nane, na shule yake ilikuwa mtu. Alianza kwa kubeba. Kijana aliyependa ala alimfuata mwenye ala, akamchukulia kinubi njiani, akakaa karibu naye usiku kucha, akatazama vidole. Hakuna aliyemwambia leo tunajifunza uzi wa tatu. Aliiba kwa macho. Mkubwa akiondoka kwenda kuonja kinywaji, mdogo aligusa nyuzi mbili tatu haraka haraka, na mkubwa, ambaye kumbe alikuwa anasikia kila kitu, akirudi alimwonyesha palipoteleza, au hakusema lolote, na hilo nalo lilikuwa somo.

Vidole vilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kinywa. Mpiga obokano huimba mwenyewe, na kuimba kwake ni kujua watu: huyu ni wa ukoo gani, mama yake alitoka wapi, babu yake alisifika kwa nini, ni jambo gani la kijiji linaloweza kuguswa kwa utani na lipi likiguswa mikuki itatoka. Mpiga fidla anaweza kucheza vipande vya Beethoven Vienna na akavicheza vilevile Kampala. Mpiga obokano aliyeimba boma la Bobasi kama alivyoimba boma la Kitutu hangealikwa tena. Kwa hiyo kumbukumbu yake ilikuwa maktaba, na maktaba hiyo ilimtaka awe mtu wa kutembea, kusikiliza, na kunyamaza panapofaa.

Kisha mwaliko. Hapo ndipo maisha yake yalipokuwa kazi. Mwenye boma aliyepika pombe ya wimbi au aliyekuwa na harusi alituma mtu: mwambieni fulani aje na obokano yake. Jina la mpigaji lilipanda au kushuka kwa idadi ya wanaomtuma mtu. Aliketi kwenye kigoda, ala mbele yake, vidole vya mikono yote miwili kwenye nyuzi, na usiku ukawa wake. Saa za kwanza alisifu wenyeji. Usiku wa manane aliweza kuonya. Alfajiri, watu wachache waliobaki wakiwa wamejifunga mablanketi, aliweza kupiga bila kuimba, na wanaoijua ala walisema huo ndio wakati wa kumsikiliza.

Malipo yake hayakuwa na risiti: kinywaji, chakula, kuku, sarafu. Waswahili wana neno lake, kutuza, na methali inayobeba desturi nzima: mcheza kwao hutuzwa. Watu huinukuu methali hii kumsifu mchezaji. Mimi naisoma kwa upande wa pili. Ndani yake kuna watu wawili, anayecheza na anayetuza, na huyu wa pili hatajwi kwa jina kwa sababu methali inamchukulia kuwa yupo tu, kama mvua. Gusii imejifunza kwamba mtuzaji naye anaweza kutoweka.

Mwenyeji alipobadilika

Wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill walijenga misheni ya Nyabururu mwaka wa 1911. Mwaka mmoja baadaye Waadventista wakafika Nyanchwa, pale juu ya mji wa Kisii. Miaka mitatu tu kabla ya Nyabururu, 1908, Mgusii aitwaye Otenyo alikuwa amemchoma mkuki afisa wa Kiingereza, Northcote, na serikali ya kikoloni ikajibu kwa moto. Gusii iliyowapokea wamisionari ilikuwa Gusii iliyojeruhiwa.

Kanisa halikuhitaji kuichukia obokano ili kuidhoofisha. Lilisimama dhidi ya pombe na ngoma za usiku, na hilo lilitosha, kwa kuwa pombe na usiku ndivyo vilivyokuwa ukumbi wa obokano. Mwadventista aliyeacha chungu hakuwa na sababu ya kumtumia mtu mpiga obokano. Ala ilibaki, mikono ilibaki, mwaliko ukapungua.

Lakini kanisa lilikuja na mwaliko wake pia. Liliwafundisha vijana kuimba sauti nne, likawapa Sabato yenye jukwaa kila juma, mavazi ya kwaya, safari za makambi. Leo pita Nyamira Jumamosi asubuhi, kutoka Keroka hadi Nyansiongo, uone vijana waliovaa sare wakishuka kwenye magari wakiwa na vipaza sauti. Kipaji cha muziki cha Gusii hakikufa. Kilifuata kilikoitwa.

Vivyo hivyo gitaa. Marehemu Christopher Monyoncho aliimba Ekegusii kwa gitaa, na nyimbo zake zikaingia redioni na kwenye sahani za santuri. Gitaa lina nyuzi sita, unalipachika begani, unapanda nalo matatu, unalichomeka kwenye spika na harusi nzima inakusikia. Redio ilimwalika kila nyumba kwa siku moja. Obokano haikuwa na namna ya kushindana na mwenyeji wa aina hiyo.

Na ardhi nayo ina usemi wake. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira, kwenye milima ambayo kila kipande cha shamba kina mwenyewe, mpaka wake umepandwa migomba, na baba ana wana wanne wa kugawana robo ekari. Mahali kama hapo mti mnene wa kuchongwa mzinga si kitu cha kuokota njiani, na kijana mwenye miaka ishirini anahesabu siku zake kwa kibarua cha chai au kwa bodaboda. Ukimwambia amfuate mzee miaka mitano akiiba kwa macho, atakuuliza swali la haki: halafu?

Halafu?

Swali hilo si la Gusii peke yake. Tunaposema fidla ina heshima, tusisahau nani aliilipia. Joseph Haydn, baba wa simfoni kama wanavyomwita, aliajiriwa na ukoo wa Esterházy mwaka wa 1761 na akawatumikia karibu miaka thelathini. Walimlipa mshahara, wakamvalisha sare, wakampa bendi na majumba ya kuichezea. Enzi ya makabaila ilipofifia, ukumbi wa tikiti ukashika nafasi yake, kisha serikali na wafadhili. Muziki ule unaoonekana kujitegemea haujawahi kukaa hata kizazi kimoja bila mtu wa kuualika. Tofauti ya fidla na obokano katika hili ni kwamba fidla, kila mwenyeji wake alipokufa, ilipata mwingine kabla matanga hayajaisha.

Wapo wanaoitafutia obokano mwenyeji mpya. Anayejulikana zaidi kwa kizazi cha sasa ni Dennis Dancan Mosiere, jina lake la jukwaani Grandmaster Masese, mshairi na mpigaji aliyeichukua ala ya Gusii akaipandisha jukwaa la mashairi ya Nairobi na kuivusha mipaka ya Kenya. Anachokifanya kina akili ya zamani ndani yake. Mpiga obokano tangu hapo alikuwa mtu wa maneno. Masese ameyaongoza maneno hayo kwa watu ambao hawakukulia kwenye boma, wanaokuja kusikiliza wakiwa wameketi, simu mfukoni.

Nyatiti imeonyesha njia hiyo inafika mbali. Ayub Ogada, aliyefariki mwaka wa 2019, aliipeleka nyatiti kwenye lebo ya Real World na albamu yake ya 1993, *En Mana Kuoyo*. Wimbo wake *Kothbiro* ukasikika katika filamu *The Constant Gardener* ya 2005. Leo mgeni anayetua Nairobi akiuliza ala ya Kenya, ataambiwa nyatiti. Obokano, yenye nyuzi zilezile nane, inatambulishwa kwake kama nyatiti ya Wakisii. Kaka mkubwa anaitwa kwa jina la mdogo wake.

Lakini safari ya nje ina kikomo chake. Jukwaa la Ulaya linaalika mtu mmoja, labda wawili. Halilishi kijiji cha wapigaji, na ala inayotegemea mtu mmoja iko ugonjwa mmoja mbali na kimya. Kinachoweza kuishikilia ni mialiko midogo mingi ya hapa hapa.

Na nafasi zipo. Mtaala wa umilisi umefikisha wanafunzi wa kwanza Gredi ya 10 mwaka wa 2026, na mojawapo ya mikondo mitatu ya sekondari pevu ni sanaa na michezo. Kwa mara ya kwanza mwanafunzi wa Kenya anaweza kuchagua muziki kama njia yake ya shule bila kuonekana ametoroka hesabu. Kama Kisii na Nyamira zitajaza mkondo huo kwa kinanda na fidla pekee, zitakuwa zimefundisha vizuri nusu ya somo. Obokano inaweza kuwekewa ngazi zake, nane kama nyuzi zake: ya kwanza kulinganisha sauti, ya pili kufuatisha wimbo wa mtu mwingine, hadi ya nane, ambayo mtahiniwa anapelekwa kwenye boma asilolijua, anapewa saa moja ya kuzungumza na wenyeji, kisha anaketi na kuwaimba. Mtihani huo hauwezi kuibiwa majibu.

Kaunti nazo hualika, kwa namna yao. Siku ya utamaduni ikifika, au mgeni mkubwa akitua Uwanja wa Gusii, wazee wa obokano hutafutwa, huvalishwa ngozi, hupigwa picha, hupiga dakika kumi wageni wakisalimiana, hurudishwa nyumbani na nauli. Tamasha za shule hutoa dakika chache kuliko hizo. Ala ya usiku mzima imekatwa vipande vya kutosha kamera, na kijana anayejifunza leo huenda akamaliza shule hajawahi kupiga hadi alfajiri, hajui kwamba wimbo una sehemu ya kuonya na sehemu ya kunyamaza. Atakuwa anaujua mlango wa nyumba akidhani ni nyumba yote.

Na sisi wenyewe je? Hesabu harusi ulizohudhuria Gusii mwaka jana. Mshereheshaji alilipwa. Mwenye hema alilipwa, mwenye spika, mpiga picha, mwenye droni ya kuzunguka juu ya migomba, kwaya ikapewa nauli na soda. Katika orodha hiyo ndefu ya kamati, iliyosomwa kwa sauti na kuchangiwa kwa M-Pesa, ni wapi palipoandikwa obokano?

Baada ya ukumbi

Yule mvulana hakupata alama nyingi. Alipiga vizuri, kwa masikio yangu, lakini kengele ililia kabla hajamaliza, naye akasimamisha vidole palepale katikati ya wimbo, kama alivyofundishwa kutii. Mwamuzi alimshauri siku nyingine aje ala ikiwa imeshalinganishwa. Ulikuwa ushauri mwema kwa fidla.

Mvua ilipoachia, nilimkuta nje, chini ya paa la jikoni la shule, akisubiri basi lao. Alikuwa amepata alichokosa ndani: kigoda kifupi cha wapishi, kile cha kukalia mtu akichambua mboga. Aliketi, akailinganisha ala bila haraka, safari hii nyuzi zote nane. Akaanza upya pale alipokatizwa.

Wapishi wawili walitoka wakipangusa mikono. Dereva wa basi alizima injini. Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja, mkubwa wao, alisogea hadi karibu na ala, akainamisha kichwa upande kama mtu anayemsikiliza mgonjwa akinong'ona. Wimbo ulipokwisha alimwuliza ni wa boma la nani. Mvulana akamtajia baba yake, kisha babu, kisha mahali. Mama akaguna kwa namna ya mtu aliyepata alichokitafuta.

Alifungua fundo kwenye ncha ya leso yake, akatoa noti iliyokunjwa mara nne, akaipachika chini ya nyuzi, kwenye ngozi. Kisha akamwuliza kama Desemba atakuwepo nyumbani.